Vita vya Wajerumani mpakani Songwe, 1914–1916: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha historia sekondari, na likizo zikifika naongoza wageni na wanafunzi kati ya Tukuyu, Masoko na Kasumulu. Maswali ni yale yale kila msafara, na mengine huniandama mpaka kwenye simu usiku. Nimeyaandika hapa ili nikiulizwa tena niseme: nenda kasome, kisha njoo tubishane.

Ni vita gani hasa mnavyovizungumzia?

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, sehemu yake iliyopiganwa kwetu. Wazee wa Rungwe na Kyela huviita tu Vita vya Wajerumani. Ukurasa huu unahusu miezi ya mwanzo, tangu Agosti 1914 hadi Mei 1916, ambapo jeshi la Wajerumani lilikaa upande huu wa mto Songwe, mpaka wa leo wa Tanzania na Malawi, na la Waingereza upande wa pili, kila mmoja akimchungulia mwenzake.

Kwa hiyo siyo vita vya Mkwawa?

Hapana. Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, ngome yake ya Kalenga ikaanguka Oktoba 1894, na yeye akafa Julai 1898. Haya tunayoyasema hapa yalikuja miaka 16 baadaye. Ila usiyatenganishe mno: aliyekuwa kijana Kalenga mwaka 1894 alikuwa mtu mzima wa makamo mwaka 1914, na Majimaji ya 1905–1907 yalikuwa ya juzi tu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa bunduki ya Mjerumani inafanya nini.

Mstari wa ulinzi ulikuwa wapi? Tunaweza kuuona?

Hapa ndipo wageni wengi huvunjika moyo. Wamezoea picha za Ufaransa: mahandaki, seng'enge, matope mpaka magotini. Wakifika Kasumulu wanaona mto, mashamba ya mpunga, malori yamepanga foleni, na kijana anayebadilisha kwacha. Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aligeuka kushoto, akageuka kulia, akaniuliza, "Mwalimu, mstari wenyewe uko wapi?" Nikamwambia, umesimama juu yake.

Kutoka Ziwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika ni zaidi ya kilomita 300. Mpaka huo uliwekwa kwa makubaliano ya Waingereza na Wajerumani mwaka 1890. Sehemu ya kwanza inafuata Songwe, halafu unapanda kuelekea Tunduma na kuendelea magharibi. Sasa chukua jeshi. Kampuni moja ya askari wa Kijerumani ilikuwa na askari 160 hivi, na kampuni iliyokaa karibu na mpaka huu vita vilipoanza ilikuwa moja, ya 5, kambi yake Masoko. Ukiwapanga wale askari kutoka ziwa hadi ziwa, kila mmoja analinda kama kilomita mbili peke yake, mchana na usiku, bila kulala. Haiwezekani.

Kwa hiyo walichokishika kilikuwa vivuko, njia za kupandia milima, maboma machache na maghala ya chakula. Katikati ya vituo hivyo kulikuwa na pori, mashamba ya watu na doria. Nikitamka "mstari" humu ndani, elewa hivyo.

Nani hasa walioushika?

Wanaoniuliza hutaka jina la nahodha. Nahodha yupo: von Langenn-Steinkeller, kamanda wa kampuni ya 5. Lakini mwaka 1914 jeshi lote la Wajerumani katika koloni hili, liitwalo Schutztruppe, lilikuwa na Wazungu 260 hivi na askari Waafrika karibu 2,500, waliogawanywa katika kampuni 14. Kampuni ya 2 ndiyo iliyokuwa Iringa na Ubena, yaani upande wa Njombe. Wengi wa askari wakati huo walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema, na bado walikuwepo waliotokana na Wasudani wa zamani. Mshahara ulianzia rupia 20 kwa mwezi, pesa nzuri mno kwa zama zile. Amri za gwaride zilikuwa za Kijerumani. Maisha yaliyobaki, kuanzia kugawana tumbaku hadi kugombana, yalikuwa ya Kiswahili.

Pembeni yao kulikuwa na polisi, rugaruga, yaani wapiganaji wasio wa jeshi rasmi, waliokusanywa kwa ajili ya vita, na walowezi wachache waliovaa sare wakaacha mashamba. Nyuma yao walikuwa wake za askari, waliokaa nao kambini, na vijana wa kubeba bunduki na sufuria. Na nyuma ya wote, wapagazi. Nitawarudia.

Upande wa pili walikuwa Keya, yaani wale wa King's African Rifles, batalioni ya kwanza kutoka Nyasaland (Malawi ya leo), na baadaye polisi wa Rhodesia na wazungu wa Afrika Kusini.

Vita vilianzaje huku kwetu?

Kwa kichekesho, halafu kwa damu. Katikati ya Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilivuka Ziwa Nyasa hadi Liuli, wakati huo Sphinxhaven, ikaipiga mizinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani hakuwa amepata habari kwamba kuna vita. Yeye na nahodha Mwingereza, Rhoades, walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Inasimuliwa kwamba alitoka mbio kwa hasira kumwuliza rafiki yake kama amelewa, akajikuta mateka.

Wanafunzi hucheka sana hapo. Mimi pia hucheka, kisha huwaonyesha ramani. Tangu siku hiyo Wajerumani hawakuwa tena na meli ya vita ziwani, maana yake kila kitu cha mstari wa kusini kingepita nchi kavu, juu ya kichwa cha mtu.

Nini kilitokea Karonga Septemba 1914?

Swali hili nalipenda, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini mstari ulikaa pale ulipokaa.

Langenn hakutaka kungoja. Mwanzoni mwa Septemba alivuka Songwe na kampuni yake pamoja na watu wa kuongezea, akielekea Karonga, mji wa Waingereza kando ya ziwa. Wakati huo huo kamanda wa Waingereza pale, Kapteni Barton, naye alikuwa amechoka kungoja. Tarehe 8 Septemba alitoka Karonga na sehemu kubwa ya jeshi lake kwenda kumvamia Mjerumani Songwe. Majeshi mawili yakatembea usiku ule, moja likienda kaskazini na jingine kusini, kwa njia mbili zisizokuwa mbali. Hayakukutana.

Anayeijua nchi ya Kyela na Karonga hashangai. Ni tambarare, majani marefu, migomba, vijito, na usiku unakuwa mzito kama uji. Ukizima tochi yako leo pale Ipinda utaelewa.

Asubuhi ya tarehe 9 Langenn akaikuta Karonga na walinzi wachache, chini ya mia. Akaushambulia mji tangu mapema. Wale wachache wakaling'ang'ania boma saa kadhaa. Huko mbele kikosi cha Barton kikasikia mizinga ikilia nyuma yao, mahali ambapo haikupaswa kulia. Wakageuka. Waliotangulia kurudi wakamwokoa aliyezingirwa, na Barton mwenyewe akawakuta Wajerumani wakiwa njiani kurudi. Langenn alijeruhiwa vibaya, wakapoteza mizinga na bunduki za bombom, yaani za rashasha, na idadi ya Wazungu waliouawa ilikuwa kubwa kwa kikosi kidogo namna ile. Mabaki yakarudi ng'ambo ya Songwe.

Baada ya siku hiyo hakuna upande uliokuwa na nguvu ya kusukuma. Mjerumani alikuwa amepoteza maafisa na silaha asizoweza kupata nyingine. Mwingereza naye alikuwa ameumia na hakuwa na watu wa kutosha kuingia milimani. Ndipo mto ukageuka kuwa mstari. Hakuna aliyeuchagua akiwa ameketi mezani.

Mbona kimya cha miezi 20 baada ya hapo?

Kimya ni neno la vitabu. Doria ziliendelea kuvuka, vituo vilichomwa, watu waliuawa wawili watatu. Upande wa magharibi, mwishoni mwa Julai hadi mwanzoni mwa Agosti 1915, Wajerumani chini ya Jenerali Wahle waliizingira ngome ya Saisi, ardhi ya Zambia ya leo, wakashindwa kuitwaa. Mei 1915 Waingereza walirudi tena Liuli kuiharibu ile meli wasije wakaikuta imefufuka.

Lakini mapigano makubwa yalihamia kaskazini, Tanga na Kilimanjaro, ambako kulikuwa na reli na bandari. Von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, aliweka nguvu zake huko. Mstari wa kusini uliambiwa ujitegemee. Waingereza nao, Januari 1915, walikuwa na moto nyumbani kwao: John Chilembwe aliinuka Nyasaland. Miezi miwili kabla, Novemba 1914, alikuwa ameliandikia gazeti barua ya kulalamika kwamba Waafrika wanaitwa kumwaga damu katika vita visivyo vyao. Aliandika huku habari za waliokufa Karonga zikiwa bado mbichi.

Walikula nini?

Nikiruhusiwa kufundisha jambo moja tu kuhusu vita hivi, ningefundisha hili. Naomba uvumilie hesabu.

Reli ya kati, Dar es Salaam hadi Kigoma, ilikuwa imekamilika mwanzoni mwa 1914. Kutoka Tukuyu hadi Dodoma kupitia Iringa, kwa barabara ya leo, ni zaidi ya kilomita 600. Mpagazi hubeba kilo 25 hivi na akitembea vizuri humaliza kilomita 20 kwa siku. Hiyo ni siku 30 na zaidi. Kila siku anahitaji karibu kilo moja ya unga. Haya, piga mwenyewe: mzigo wa unga utakuwa umeishia tumboni mwake kabla hajaliona boma la Tukuyu. Na bado hajarudi.

Kwa hiyo unga haukuweza kutoka relini. Kilichokuja kwa safari hiyo ndefu kilikuwa risasi, dawa na barua. Chakula kilitoka hapa hapa. Na hapa hapa, ashukuriwe Mungu au alaumiwe, palikuwa na chakula. Rungwe hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka. Ndizi, viazi, maharage na ng'ombe milimani; mpunga bondeni Kyela; ngano sehemu za baridi. Ndiyo sababu kampuni moja iliyopungukiwa iliweza kukaa. Waliuita mji wa Tukuyu Neu-Langenburg, na kwa von Lettow ulikuwa ghala kabla haujawa ngome.

Sasa geuza upande. Ghala la nani? Bibi yangu mzaa baba alizaliwa miaka ya vita, na alichosimuliwa na mama yake hakikuwa mzinga wala Mzungu aliyejeruhiwa. Alisimuliwa mikungu ya ndizi. Askari hawakungoja ikomae. Walipita mgombani na panga, wakachukua mibichi, na mama wa nyumba akahesabu visiki. "Kumi na vinne," bibi alikuwa akisema, kama vile alivihesabu yeye.

Walikuwa na silaha gani?

Vita vilipoanza, kampuni 6 tu kati ya 14 zilikuwa na bunduki mpya zisizotoa moshi. Nyingine zilikuwa na Mauser ya mwaka 1871, inayotumia baruti nyeusi. Askari anafyatua, na juu ya kichwa chake linasimama wingu jeupe linalomwambia adui: nipo hapa. Kwenye ukungu wa asubuhi wa Rungwe labda lilisaidia kidogo. Mchana mkavu wa Septemba, hapana. Baadaye walijazia kwa bunduki walizoteka na zile zilizoletwa kwa siri na meli mbili zilizopenya, moja 1915 na nyingine 1916.

Kuhusu sare, ambazo kina dada wa chuo waliniuliza: kaki, vitambaa vya kuzungushia miguu, na tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki. Viatu havikuwatosha wote.

Ni kweli ndugu walipigana na ndugu?

Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa ng'ambo ya Songwe wanaelewana lugha, wanafanana mila, na wameoana tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Mzungu alipochora mpaka katikati ya mto, hakuwauliza. Tena mto wenyewe hautulii: Songwe huhama mkondo wake bondeni, ukachukua shamba la mtu Malawi likalala Tanzania. Sasa mweke askari alinde mpaka wa namna hiyo dhidi ya watu waliokuwa wakija msibani wiki iliyopita.

Sidhani wengi wa wenyeji walikuwa na Kaiser au Mfalme moyoni. Wakiulizwa njia, walimjibu aliyeshika bunduki. Mzee mmoja wa Ipiana aliniambia, "Mwalimu, mto wa baba yako ukivukwa na mgeni, humwulizi pasipoti, unamwuliza kama ameshiba."

Mbeya ilikuwa upande gani?

Mji wa Mbeya haukuwepo. Ulikua baadaye chini ya Waingereza, na dhahabu ya Lupa ilichangia sana. Makao ya eneo hili yalikuwa Tukuyu, na kule nyuma, Iringa.

Mstari ulivunjikaje?

Kwanza alikuja mtu wa kuupanga upya upande wa pili. Brigedia Jenerali Edward Northey alikabidhiwa jeshi la mpakani mwanzoni mwa 1916, bunduki kama 2,600, wakiwemo Waafrika Kusini. Hakugonga mlango mmoja. Tarehe 25 Mei 1916 alivuka kwa vikosi vinne kwa wakati mmoja, kimoja kutoka Karonga kuelekea Ipiana, vingine huko juu hadi upande wa Namema, ngome ya Wajerumani magharibi. Mstari wa vivuko hauwezi kujibu hilo. Ukihamisha watu kuziba hapa, umefungua pale.

Wajerumani hawakungoja kufungiwa. Walichoropoka usiku kutoka ngomeni, wakarudi nyuma kuelekea Iringa. Kabla Mei haijaisha Tukuyu ilikuwa mikononi mwa Waingereza, pamoja na maghala yake. Walijaribu kusimama tena Malangali mwezi Julai, wakang'olewa. Iringa ilitwaliwa mwishoni mwa Agosti 1916. Kupoteza milima kuliwauma zaidi tumboni kuliko kwenye ramani.

Vita havikuishia hapo. Oktoba 1916 Wahle alirudi kutoka Tabora akaigonga Iringa, na Oktoba 1918 von Lettow mwenyewe alipita Njombe na Mbozi akienda Rhodesia, akamwacha Wahle mgonjwa Ubena. Alisalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Waliokufa wamezikwa wapi?

Iringa kuna makaburi ya vita yanayotunzwa vizuri, yana majina na majani yaliyokatwa. Nenda, panastahili.

Wapagazi hutawakuta pale. Walikufa kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa, njiani, na waliendelea kufa hata mstari ulipokuwa "kimya". Hesabu za Waingereza zenyewe kwa watu waliowabebea katika Afrika Mashariki yote hufikia makumi ya maelfu, na za upande wa Wajerumani hazikuandikwa kwa uangalifu huo. Mnara wa Askari wa Dar es Salaam, uliozinduliwa 1927, unawataja kama miguu na mikono ya jeshi. Kariakoo jina lake limetokana na kikosi chao. Kwa watu wa huku, kumbukumbu ya karibu kabisa ni barabara: ukipanda kutoka Kyela kwenda Tukuyu ndani ya basi, umepanda karibu mita 1,000. Jaribu kuifikiria na kilo 25 kichwani, mvua inanyesha, na umelala na njaa.

Hadithi ya hazina katika ziwa Masoko ni ya kweli?

Hela za Kijerumani zimeokotwa ufukweni pale, hilo halina ubishi. Nimeshika moja yenye tundu katikati, ya heller 10, na ndiyo iliyotupa neno "hela" tunalolitumia kila siku. Kwamba Wajerumani walitupa masanduku ya dhahabu walipokimbia 1916, kila kijiji kina toleo lake, na kila toleo lina mjomba aliyekaribia kuipata. Ziwa ni la volkano, refu kwenda chini, maji yake ya kijani. Jeshi lililokuwa likikosa viatu sioni lingekuwa na dhahabu ya kutupa, ila silaha na risasi wasizoweza kubeba, hapo nakubali.

Nikilima nikaokota ganda la risasi, nifanye nini?

Kama ni ganda tupu, limebonyea nyuma na halina kichwa, lisafishe kwa maji tu, usilisugue kwa mchanga, maana alama za kitako ndizo zinazotuambia lilitengenezwa wapi na mwaka gani. Andika shamba na kina ulichokuta, kisha mwone afisa utamaduni wa wilaya. Kama lina kichwa, au ni chuma kizito chenye umbo la chupa, usiliguse, usiwaite watoto kuliona, weka alama kwa fimbo na umwite mwenyekiti wa kijiji awaite polisi. Baruti ya miaka mia haijasahau kazi yake. Na usiniletee mimi darasani, kama alivyofanya kijana mmoja mwezi wa tatu, akalitoa mfukoni pamoja na parachichi.